Mirkati wa Kalahari: nyuma ya ule upendo wote kuna mama mmoja asiyetaka mchezo

Bandiko #1 – Mleta mada

Wakuu salaam.

Kila siku nakutana na zile video. Kinyama chembamba, macho kama kimepakwa wanja, kimesimama kwa miguu ya nyuma, mikono kimeiweka tumboni kama mzee anayesubiri zamu yake barazani. Pembeni wenzake kumi wamesimama vilevile, wote wanatazama upande mmoja. Chini ya video maoni hayabadiliki: "oneni umoja", "wanyama wametushinda". Nimechoka kuyasoma, leo naleta uzi.

Umoja huo upo, sibishi, tena wa kupigiwa mfano. Wanalindana, wanaleana watoto, wanafundishana hata namna ya kula nge. Ninachotaka kuonesha ni gharama yake, na nani anailipa. Uzi ni mrefu, nitauleta vipande vipande.

Tuwekane sawa kwanza. Mirkati ni nguchiro, ila makazi yake ni nchi kavu za kusini mwa Afrika: Botswana, Namibia, Afrika Kusini na pembe ya kusini magharibi ya Angola. Serengeti hayupo, katuni zisiwadanganye. Jina lake limetoka kwa Waholanzi, na kwao neno hilo ni la aina ya tumbili, kwa hiyo hata waliompa jina walikosea mnyama. Mkubwa wao ana gramu 700 hivi. Kilo moja kamili wengi hawaifikii.

Habari zao za ndani tunazijua kwa sababu kuna watu walioamua kukaa nao. Mwaka 1993 Tim Clutton-Brock wa Chuo Kikuu cha Cambridge alianzisha utafiti kando ya mto Kuruman, jimbo la Northern Cape, Afrika Kusini. Huo mto sehemu kubwa ya maisha yake ni mchanga mtupu. Utafiti unaendelea hadi leo, kizazi baada ya kizazi cha mirkati. Wamezoeshwa watu mpaka mtafiti anatembea katikati yao na hawageuki. Kila mmoja anapakwa alama ya rangi kwenye manyoya ili ajulikane, na wanapimwa uzito mara kwa mara kwa kupanda wenyewe kwenye mizani. Kishawishi ni vipande vya yai la kuchemsha. Likumbukeni hilo yai, litarudi.

Bandiko #2 – Mdau

Nimetandika mkeka mkuu. Tiririka.

Bandiko #3 – Mleta mada

Siku yao inaanza taratibu. Usiku kundi zima hulala chini ya ardhi, kwenye mashimo yenye milango mingi ambayo mara nyingine wanayatumia pamoja na kindi wa ardhini. Kalahari usiku wa kipupwe ni baridi kali, basi jua likitoka wanajitokeza mmoja mmoja, wanasimama na kuligeuzia tumbo. Manyoya ya tumboni ni machache na ngozi yake ni nyeusi, inafyonza joto haraka. Ile picha ya "familia inatafakari mapambazuko" ni watu wanaota moto tu.

Wakishapata joto wanaondoka kwenda kutafuta riziki: mbawakawa, mabuu, nge, mijusi midogo, chochote kilichojizika mchangani. Wanachimba kwa kucha ndefu za mbele na masikio yanajifunga mchanga usiingie. Maji ya kunywa si lazima, mengi wanayapata ndani ya chakula.

Hapo kuna tatizo. Ukiwa umezamisha kichwa shimoni huoni tai juu wala bweha nyuma yako. Ndiyo maana kila baada ya muda mmoja anaacha kuchimba, anapanda kichuguu au kijiti kirefu, anakaa lindo. Tena halindi kimyakimya, anatoa sauti ndogo mfululizo, wenyewe watafiti wanaiita wimbo wa mlinzi. Ukiisikia unajua zamu ina mtu, endelea kuchimba. Ikikatika, inua kichwa.

Bandiko #4 – Mdau mwingine

Sasa huyo mlinzi si ndiye shujaa mwenyewe? Anaacha kula, anajianika juu ya mti tai amwone, ilhali wenzake wanashiba. Usituvunjie mashujaa wetu mkuu.

Bandiko #5 – Mleta mada

Mkuu, nilijua utauliza, na mimi niliamini hivyohivyo kwa muda mrefu.

Clutton-Brock na wenzake walilichunguza hili na kulichapisha mwaka 1999. Walichokiona ni kwamba anayepanda lindo ni aliyekwisha kushiba. Wakajaribu kwa yai: ukimlisha mmoja vizuri, anakwenda lindo mara nyingi zaidi na anakaa muda mrefu zaidi. Hakuna ratiba ya zamu. Kingine, mlinzi hukaa karibu na shimo na yeye ndiye anayemwona adui kwanza, kwa hiyo ndiye wa kwanza kukimbia. Kwa zaidi ya saa 2,000 walizowatazama, hakuna mlinzi hata mmoja aliyeuawa akiwa kazini.

Kwa maneno mengine, ukishashiba, sehemu salama kuliko zote ni kule juu. Kwamba wenzako nao wanafaidika, vema. Mimi naona hiyo ni akili kubwa kuliko ushujaa.

Sauti zao za tahadhari sasa, hapo ndipo nawavulia kofia. Marta Manser, ambaye amewasikiliza kwa miaka mingi, alionesha mwaka 2001 kwamba mlio mmoja unabeba habari mbili kwa pamoja: adui ni wa aina gani, na hatari imekaribia kiasi gani. Mlio wa tai ni mwingine, wa bweha ni mwingine. Wakisikia wa tai aliye karibu, wote shimoni. Wakisikia wa nyoka, wanafanya kinyume, wanakusanyika. Swila au kifutu akionekana, kundi zima linamzunguka, mikia juu, manyoya yamesimama, wanamfokea na kumsogelea kwa kuruka mpaka aamue kuondoka. Faida yake ni kwamba baada ya pale kila mmoja anajua nyoka yuko wapi.

Hata kuhama kutoka eneo moja kwenda jingine kuna utaratibu. Mmoja anatoa mlio wa "twendeni", hakuna anayehangaika naye. Wakiwa wawili, bado wanasitasita. Wakifika watatu hivi, kundi linasogea. Cheo hakiamui. Kwa jambo hilo tu, maana huko mbele mtaona cheo kinaamua nini.

Bandiko #6 – Mdau

Kuna ndege niliwahi kusikia anawatapeli. Ni kweli au ni stori za mitandaoni?

Bandiko #7 – Mleta mada

Kweli kabisa. Ni mramba, yule mweusi mwenye mkia uliogawanyika kama uma. Anafuatana na mirkati siku nzima, akiona mwewe anapiga kelele, mirkati wanakimbia, wanapona. Mara nyingi anasema kweli, na hiyo ndiyo mbinu. Siku mirkati anapofukua mbuu nono, mramba anapiga mlio uleule hali hakuna mwewe. Mirkati anaachia chakula, mramba anashuka, anabeba.

Tom Flower aliwafuatilia hapohapo Kuruman, na mwaka 2014 yeye na wenzake wakachapisha kilichonishangaza zaidi: mramba anaiga milio ya tahadhari ya wanyama na ndege wengine, ukiwamo wa mirkati wenyewe, na akiona uongo mmoja haupokelewi anabadilisha sauti. Karibu robo ya chakula chake cha siku kinatokana na wizi. Tapeli anayebadilisha laini kila mkishamgundua.

Mirkati wanajua wanaibiwa? Sijui wanajua nini vichwani mwao. Ila hesabu ipo wazi: kupuuza mlio mmoja wa kweli ni kifo, kupokea mmoja wa uongo ni kukosa mbuu.

Bandiko #8 – Mdau wa kike

Tunaomba ufike kwenye kichwa cha mada. Huyo mama yuko wapi?

Bandiko #9 – Mleta mada

Nakuja dada, nilikuwa namwandalia kiti.

Kundi linaweza kuwa na mirkati wachache tu au hata kufikia 50, ingawa wengi huishi kwenye kundi la 15 hadi 20 hivi. Ndani yake kuna jike kuu mmoja na dume kuu mmoja. Wengine karibu wote ni watoto wao wa mikupuo mbalimbali, wakiwamo waliokwisha kukomaa. Katika watoto wanaozaliwa na kukua kundini, takriban asilimia 80 ni wa jike kuu. Majike wengine, ambao ni binti zake na wadogo zake, wana uwezo wote wa kuzaa. Hawaruhusiwi.

Hawaruhusiwi vipi? Njia ya kwanza ni kufukuzwa. Mimba ya jike kuu huchukua kama siku 70. Zikikaribia siku za kujifungua anaanza kuwaandama majike wakubwa, hasa wenye mimba na wanaomkaribia kwa umri: anawauma shina la mkia, anawagonga kwa kiuno, anawafuata kila wanapokwenda, hadi waondoke. Andrew Young na wenzake mwaka 2006 walionesha kinachompata aliyefukuzwa. Homoni za msongo zinapanda, uzito unashuka, na kama ana mimba mara nyingi inaharibika. Anazurura pembezoni mwa eneo la kwao peke yake, na mirkati wa peke yake Kalahari ni chakula kinachotembea.

Njia ya pili ni mbaya zaidi. Binti akifaulu kujifungua ndani ya kundi, jike kuu anaweza kuwaua wale watoto. Ndiyo, wajukuu zake.

Na msimfanye yeye peke yake kuwa mchawi. Binti mwenye mimba naye, akipata mwanya, huua watoto wa mama yake. Ndiyo maana mama anawatoa wenye mimba kabla hajajifungua, siyo baada. Kila mmoja anajua mwenzake anaweza kufanya nini.

Bandiko #10 – Mdau wa kike

Mmh. Na huyo aliyefukuzwa anaishia hukohuko?

Bandiko #11 – Mleta mada

Baadhi wanaishia huko. Wengi wanarudi baada ya wiki chache, mama akishajifungua na hasira zikishapoa. Na sasa shika moyo dada: yule aliyerudi, ambaye pengine mimba yake iliharibika porini au watoto wake wameuawa, mara nyingine ana maziwa, na anawanyonyesha watoto wa mama yake. Kuna watafiti wanaoliita jambo hili kulipa kodi ya pango. Unaruhusiwa kukaa ndani ya kundi, lipa kwa maziwa.

Hapo ndipo nilipofunga kompyuta siku ile nikaenda kutembea.

Lakini hesabu yake inaeleweka. Watoto wa mama ni ndugu zako. Wakipona, damu yenu imepona. Na bila kundi huna maisha. Basi kulea ni afadhali kuliko kuzurura.

Bandiko #12 – Mdau (yule wa mashujaa)

Umenimaliza. Kwa hiyo hakuna zuri hata moja?

Bandiko #13 – Mleta mada

Lipo mkuu, tena ndilo ninalolipenda kuliko yote, ngoja nikupoze.

Watoto hukaa chini ya ardhi wiki tatu za mwanzo. Muda wote huo kuna anayebaki nao kutwa nzima, mara nyingi si mama, kwa sababu mama anatakiwa kwenda kula apate maziwa. Yaya huyo anashinda njaa, na mizani inaonesha: wenzake wanarudi wamenenepa, yeye siku hiyo amepungua zaidi ya asilimia moja ya uzito wake. Kaka mtu, dada mtu, shangazi, mjomba, hata dume aliyehamia asiye na undugu anaweza kushika zamu.

Wakianza kufuatana na kundi, umri wa mwezi mmoja hivi, wanalia njaa bila kunyamaza na kila mkubwa anawapelekea chochote. Sasa tatizo ni nge. Nge wa Kalahari wana sumu kali na kibano chenye nguvu. Mtoto hawezi kujifunza kwa kujaribu, kosa la kwanza linaweza kuwa la mwisho.

Alex Thornton na Katherine McAuliffe mwaka 2006 walieleza wanavyofanya. Mtoto mchanga analetewa nge aliyekufa. Akikua kidogo analetewa aliye hai ila mwiba umeng'olewa. Akikaribia miezi mitatu analetewa mzima kamili, ajitetee. Na aliyeleta haondoki. Anakaa pale kumtazama, nge akitoroka anamrudisha, mtoto akiogopa anamsukumia kwa pua mpaka ajaribu tena.

Wakafanya mtego mmoja wa kupendeza. Wakachukua sauti za watoto wakubwa, wakazicheza kwenye kundi lenye watoto wadogo. Wakubwa wakaanza kuleta nge walio hai. Wakageuza, sauti za wachanga kwenye kundi la watoto wakubwa, wakaanza kuleta waliokufa. Kumbe mwalimu hapimi uwezo wa mwanafunzi, anasikiliza sauti inavyobadilika na umri. Kuna watu hili linawaharibia utamu. Mimi linanizidishia. Mtaala mzima wa shule umefichwa ndani ya kilio cha mtoto.

Wakathibitisha pia kwamba mafunzo yanasaidia: waliofanyishwa mazoezi na nge hai wasio na mwiba wakawa hodari kumshika nge kuliko wenzao waliopewa wafu au waliopewa yai. Yai tena.

Bandiko #14 – Mdau

Niliona sehemu wanasema mirkati ndiye mnyama muuaji kuliko wote duniani, hata simba hamfikii. Ni chumvi?

Bandiko #15 – Mleta mada

Chumvi ipo kidogo, lakini mboga ni ya kweli. José María Gómez na wenzake mwaka 2016 walikusanya takwimu za zaidi ya aina 1,000 za mamalia, wakitafuta ni vifo vingapi vinasababishwa na mnyama wa aina ileile. Mirkati walishika namba moja, asilimia 19 na kitu. Karibu mmoja kati ya watano wanaokufa ameuliwa na mirkati mwenzake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ila msome vizuri: wengi wa hao waliouawa ni watoto wachanga, kwa sababu nilizozieleza hapo juu. Na hesabu za mirkati ni nzuri kupita kiasi kwa kuwa kuna watu wamekaa nao kila siku tangu 1993. Wanyama wengine wanaua gizani pasipo mwenye daftari.

Vita vya kundi kwa kundi navyo vipo. Wakikutana mpakani wananyanyua mikia kama vijiti, wanajituna, wanaruka kwa mstari kuelekea wenzao. Mara nyingi kundi dogo linakimbia bila damu. Wasipokimbia inakuwa mbaya, na wakikuta shimo la wenzao lina watoto, watoto hawaponi.

Bandiko #16 – Mdau

Madume nao? Tangu tuanze ni majike tu.

Bandiko #17 – Mleta mada

Hawafukuzwi kwa vurugu kama dada zao. Kwa kawaida mirkati hawapandani na mzazi wala ndugu wa tumbo moja, basi dume akikomaa kwao hana mke. Anaanza safari fupi fupi kwenda kuchungulia makundi ya jirani, peke yake au na kaka zake. Akibahatika anapata jike wa huko na kurudi nyumbani kama vile hakwenda popote. Siku moja harudi. Ama wameteka kundi na kumwondoa dume kuu, ama wamekutana na majike waliofukuzwa wakaanzisha kundi jipya, ama wameliwa.

Safari hizo ndizo zinazowaua wadogo wa cheo, majike na madume. Wenye cheo wanaishi miaka mingi zaidi, na uchunguzi wa mwaka 2018 ulionesha si kwa sababu miili yao inazeeka polepole. Ni kwamba wao hawatoki nje ya kundi.

Kuna na kifua kikuu. Wana aina yao, kimelea chake kilitambuliwa rasmi mwaka 2013. Kikiingia kundini kinaweza kulifuta lote.

Bandiko #18 – Mdau wa kike

Swali la mwisho kutoka kwangu. Huyo mama akifa?

Bandiko #19 – Mleta mada

Swali zuri dada, na jibu lake lina yai.

Kiti mara nyingi kinachukuliwa na jike mkubwa na mzito kuliko wenzake, kwa kawaida binti. Wakilingana, wanapigana. Ndiyo maana uzito kwao ni siasa. Mwaka 2016 Elise Huchard na wenzake walichapisha jaribio: walichukua ndugu wawili wa jinsia moja, wakawa wanamlisha yai yule mdogo wa mwili ili akue haraka. Yule mkubwa hakupewa kitu. Lakini alipoona mdogo wake anamkaribia, naye akaanza kula zaidi na kukua zaidi. Hakuna aliyemwambia. Alimpima kwa macho, au kwa pua, sijui.

Jike anayetwaa kiti naye hunenepa upya, hata kama alikwisha kuacha kukua. Ananenepa zaidi pale ambapo anayemfuata kwa uzito hayuko mbali naye.

Halafu anapata mimba ya dume wa kutoka nje. Siku zikikaribia, anaanza kumuuma mkia mdogo wake, yule aliyekuwa akimletea nge waliong'olewa miiba.